Sherehe za vitabu na miti shuleni: zinamjenga mtoto au zinamlia vipindi?

Kalenda ya shule ya msingi ina siku nyingi za kuadhimisha. Aprili 23 ni Siku ya Vitabu Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1995. Juni 5 ni Siku ya Mazingira Duniani, iliyoanzishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1972. Septemba 8 ni Siku ya Kimataifa ya Kisomo. Siku hizi zikifika, vipindi husimama. Watoto huja wamevaa kama wahusika wa hadithi, husoma mashairi mbele ya wazazi, hupanda miche na kuonyesha mapambo waliyotengeneza kwa chupa za plastiki. Picha hupigwa, wageni huaga, na kesho yake masomo huendelea pale yalipoachiwa.

Wapo walimu na wazazi waliochoshwa na mtindo huu, na hoja zao si za kubeza. Ya kwanza ni muda. Mwaka 2022 Benki ya Dunia na washirika wake walikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto wapatao 70 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Mtoto wa namna hiyo anamhitaji mwalimu akae naye, amsikilize akisoma, amrekebishe, na kesho warudie tena. Wiki ya mazoezi ya maigizo inamnyang'anya yeye kuliko wengine, kwa sababu wanaochaguliwa kusoma jukwaani ni wale ambao kusoma hakuwasumbui. Anayekwama kwenye silabi hupewa bango alibebe, au hupangwa safu ya nyuma ya kwaya. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika sherehe hizi: siku ya kusoma inapita, na asiyejua kusoma hajafungua kitabu.

Ya pili ni zawadi. Shule nyingi hutoa vyeti na medali kwa waliosoma vitabu vingi zaidi. Mwaka 1973 watafiti Lepper, Greene na Nisbett walichapisha jaribio walilolifanya kwa watoto wa chekechea waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti wakichora, wengine walipewa cheti bila kutarajia, na wengine hawakupewa kitu. Baadaye, kalamu zilipowekwa tu mezani kila mtoto afanye apendalo, wale walioahidiwa cheti walitumia kuchora karibu nusu ya muda wa wenzao. Hawa walikuwa watoto wadogo, na kuchora si kusoma, lakini mwalimu yeyote aliyeendesha mashindano ya idadi ya vitabu ameliona hili kwa macho yake: watoto wanaanza kuchagua vitabu vyembamba, na wiki ya mashindano ikiisha, vitabu havigusiki tena.

Ya tatu inahusu mazingira, na nendeni mkaitazame ardhini. Katika shughuli za kupanda miti kwa haraka, si ajabu kukuta mche umefukiwa pamoja na kiriba chake cha plastiki, kwa hiyo mizizi inajisokota humo humo na kushindwa kutoka. Mashimo mengine yana kina cha kiganja, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa njiani. Kisha likizo inaingia, watoto wanaondoka, na hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Wakati huo huo takataka za shule ile ile zinachomwa nyuma ya majengo, plastiki na karatasi pamoja, mbele ya watoto waliokariri shairi la kutunza hewa. Mtoto huamini anachoona kinafanywa kuliko anachoambiwa akiseme kwenye kipaza sauti.

Hata hivyo, anayetaka siku hizi zifutwe kabisa ana swali la kujibu. Kuna watoto ambao nyumbani kwao hakuna kitabu hata kimoja cha hadithi. Kusoma kwao ni kitabu cha kiada, ubao na mtihani. Kumsikia mwalimu mkuu akisoma hadithi kwa sauti, akibadilisha sauti ya fisi na ya sungura, na shule nzima ikinyamaza kutaka kujua kitakachofuata, kunaweza kuwa mara yao ya kwanza kugundua kwamba watu wazima husoma kwa kupenda. Vipindi vya kawaida, jinsi vilivyobanwa na mitihani, ni nadra kumpa mtoto hilo. Mti nao una lake. Mtoto aliyeshika udongo, akaona mbegu imepasuka, ana la kuuliza darasani siku mada ya mimea itakapofika.

Kwa hiyo mimi siko upande wa kufuta. Tatizo langu ni mahali sherehe inapowekwa. Tumeiweka mwanzoni, ikawa ndiyo kazi yenyewe. Ilitakiwa kuwa mwisho wa kazi.

Mifano ya utaratibu huo ipo. Mpango wa Eco-Schools, mpango wa kimataifa wa shule zinazotunza mazingira ulioanza mwaka 1994, hauitazami bustani peke yake. Shule huunda kamati yenye wanafunzi, hukagua hali ya mazingira yake yenyewe, hupanga hatua na kufuatilia matokeo, ndipo huomba bendera ya kijani, tuzo ya mpango huo. Sherehe inakuja baada ya kazi. Wangari Maathai wa Kenya naye, katika Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti aliyoianzisha mwaka 1977, aliweka utaratibu wa kina mama kulipwa kiasi kidogo kwa miche iliyopona. Waliolipwa walikuwa watu wazima, tena wenye shida ya kipato, kwa hiyo haitoshi kunakili mpango huo darasani. Lakini kipimo chake kinafaa kabisa: hesabu miti iliyo hai, acha kuhesabu iliyopandwa.

Ningependa kuona vitabu na miti vikiunganishwa kwa kitu rahisi, daftari la mti. Kila kundi la watoto wachache lina mche mmoja na daftari moja. Kila wiki wanapima urefu kwa rula, wanahesabu majani, wanaandika kama mvua ilinyesha na kama kuna wadudu. Sentensi mbili zinatosha: “Jani la chini limekuwa la njano. Tumeona chungu wengi kwenye shina.” Anayekwama kwenye silabi anaweza kuandika hizo, na anaweza kuzisoma, kwa sababu anakijua anachokisoma. Mwaka unaofuata darasa jipya linapokea mche na daftari, na linaanza kwa kusoma walichoandika kaka na dada zao. Siku ya vitabu ikifika, hicho ndicho kisomwe mbele ya wazazi, kila kundi ukurasa wake, bila mazoezi ya wiki nzima.

Najua walimu watakaosema hii ni kazi nyingine juu ya kazi, hasa darasa likiwa limefurika. Wana haki. Ndiyo maana lazima kitu kipunguzwe. Mavazi ya wahusika yapunguzwe kwanza, maana yanawatia wazazi gharama kwa ajili ya asubuhi moja, na mtoto asiye na vazi anabaki kujificha. Miche nayo ipunguzwe: kama shule haina wa kumwagilia wakati wa likizo, kumi inayotunzwa inafaa kuliko mia inayokauka. Na kabati la vitabu lifunguliwe. Zipo shule ambazo vitabu vya hadithi hukaa chini ya kufuli mwaka mzima visije vikachakaa, vikatolewa siku ya maonyesho, vikapangwa mezani, kisha vikarudishwa kabatini. Kitabu kilichochanika kwa kuazimwa kimefanya kazi yake.

Kinachobaki kigumu ni namna tunavyozipima shule. Mwalimu mkuu akijua atasifiwa kwa picha, atatengeneza picha. Basi mkaguzi na kamati ya wazazi wakifika, waombe kwanza daftari la kuazimia vitabu, kisha wapelekwe kwenye miti iliyopandwa mwaka juzi.