Molekuli Haingoji Kutazamwa

Wahubiri wa "kuumba uhalisia kwa fikra" huegemea sana fizikia ya kwantamu, yaani fizikia ya vitu vidogo mno kama atomi: elektroni haina mahali maalumu hadi itazamwe, kwa hiyo akili ndiyo inayoumba ulimwengu. Wazo hilo liliwahi kuwa na watetezi wakubwa. Mwaka 1961 mwanafizikia Eugene Wigner, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1963, aliandika kuwa kipimo hukamilika kinapofika kwenye ufahamu wa mtu.

Mimi naliona jaribio la Vienna, Austria, la mwaka 2004 kuwa jibu zito. Watafiti walipitisha molekuli za kaboni, kila moja ikiwa na atomi 70, kwenye nyavu zenye mianya myembamba mno. Zikatoa michirizi ya mawimbi, dalili kwamba kila molekuli haikupita njia moja tu, bali ilisambaa kama wimbi. Kisha wakazipasha moto kwa leza. Joto lilipozidi, michirizi ikafifia hadi ikatoweka. Kwa nini? Molekuli yenye moto mkali hutoa mwanga, na mwanga huo huondoka na habari ya mahali ilipopita. Hakuna aliyekaa kuusoma mwanga huo. Kutoka kwake tu kulitosha. Wigner mwenyewe baadaye aliuacha msimamo wake, akiathiriwa na kazi ya mwanafizikia Dieter Zeh kuhusu jinsi mazingira yanavyofuta tabia hii ya mawimbi.

Hata hivyo, upande wangu, unaosema mazingira yanatosha bila ufahamu, nao una deni. Mazingira yanaeleza kutoweka kwa michirizi, lakini hayaelezi kwa nini tukipima tunapata tokeo moja na si jingine. Mwanafizikia David Bohm alijibu mwaka 1952: chembe ina mahali pake wakati wote, na wimbi huiongoza. Lakini hoja ya mwanafizikia John Bell ya mwaka 1964, pamoja na majaribio yaliyotuzwa Nobel mwaka 2022, inailazimu nadharia ya namna hiyo ikubali kwamba kipimo cha hapa huathiri papo hapo chembe iliyo mbali. Ni gharama kubwa, nami naikubali, kwa sababu imeandikwa kihesabu na yeyote anaweza kuikagua.

Wengine wanadai wimbi huanguka lenyewe, yaani kitu hubaki mahali pamoja tu, kikiwa kikubwa vya kutosha. Dai hilo linapimika: mwaka 2019, Vienna tena, molekuli zenye atomi zipatazo 2,000 bado zilitoa michirizi, na watafiti wanazidi kupandisha ukubwa. Wanaosema ni ufahamu hawajatutajia jaribio ambalo, likishindwa, wataacha kusema hivyo.