Banda Neira si mahali pa siku mbili

"Hakuna kitu kule, dada. Siku mbili zinatosha."

Niliambiwa hivyo Jumanne iliyopita na kijana wa ofisi moja ya safari hapa Dar es Salaam, huku akizikata kwa kalamu nyekundu wiki tatu nilizokuwa nimeziandika mbele ya jina Banda Neira, kisiwa kidogo cha Maluku, mashariki mwa Indonesia. Akanipangia upya bila kuniuliza: Jakarta siku mbili, Yogyakarta mbili, Bali nne, Lombok mbili, Banda mbili. Nilichukua karatasi yangu nikatoka. Hasira ile haijanitoka mpaka leo, na najua inatoka wapi.

Mimi ni mtu wa Pemba. Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni. Mgeni akishuka Unguja huambiwa Pemba hakuna kitu, nenda kaone kobe wa Changuu, nenda Nungwi, umemaliza. Wachache wanaovuka hufika Mkoani asubuhi, wakazungushwa kwa gari, kesho yake wakaondoka. Hawakujua nyumba inavyosikika usiku wa msimu wa karafuu: wanawake wamekaa jamvini wanachambua, makonyo huku, karafuu huku, mazungumzo yanakwenda mpaka usiku wa manane na mtoto kalala kwenye mapaja ya yeyote aliye karibu. Hawakuona mtaa mzima unavyotoka mbio kuanua wingu linapotanda. Hicho ndicho kitu chenyewe, na mtu wa siku mbili hakioni, kwa sababu hakuna anayemfungulia mlango.

Banda Neira nimefika mara moja, mwaka juzi, kwa siku tatu. Ndiyo maana nasema kwa uchungu.

Nilipanda meli jioni kwenye mji wa Ambon, huko huko Maluku. Sitaha ilijaa watu, magunia na mikeka. Usiku nikazinduka nanusa karafuu, nikadhani naota. Zilikuwa sigara za kretek, tumbaku iliyochanganywa na karafuu, na nusu ya wanaume waliokuwa sitahani walikuwa wakizivuta. Moshi wa sigara siupendi, lakini ule nilikaa nao mpaka alfajiri. Ilikuwa harufu ya uwanja wa babu. Babu alikuwa akituambia kwamba karafuu zake zinakwenda kuvutwa Indonesia, nasi wajukuu tukidhani anatupigia hadithi. Kumbe kweli. Kwa miaka mingi viwanda vya kretek vilikuwa wanunuzi wakubwa kabisa wa karafuu ya Zanzibar, mpaka wenyewe walipopanda ya kuwatosha, na miaka ya 1980 wakulima wetu wakaachwa na magunia yao.

Na mti wenyewe ulitoka kwao. Asili ya mkarafuu ni visiwa vichache vya Maluku ya kaskazini: Ternate, Tidore na jirani zao. Mwaka 1770 watu wa Mfaransa Pierre Poivre walitorosha miche wakaipeleka Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikafika Unguja. Kimbunga cha 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo sisi ndio tukawa kisiwa cha karafuu. Kwa hiyo mimi Maluku nilikwenda kuamkia mti ulionilipia ada ya shule.

Banda yenyewe ni kusini zaidi, na mti wake ni mkungumanga. Kwa karne nyingi kungumanga na basibasi (ule utando mwekundu unaoizunguka kokwa yake) zote za dunia zilitoka kwenye visiwa hivi ambavyo ukiwa juu ya ngome ya Belgica unaweza kuviona karibu vyote kwa kugeuza shingo. Ndiyo sababu ya damu. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen wa kampuni ya Kiholanzi alikuja na jeshi kuwalazimisha Wabanda wamuuzie yeye peke yake. Wakuu wao zaidi ya 40 walikatwa vichwa. Kabla ya hapo visiwa vilikuwa na watu wapatao 15,000. Wengi waliuawa, wakafa njaa au wakauzwa, na mashamba yakajazwa watumwa kutoka kwingine. Waliofanikiwa kukimbilia visiwa vya Kei walibeba lugha yao, na huko Kei inazungumzwa mpaka leo, ilhali Banda kwenyewe imekufa. Mwaka 1667 Waingereza walikiachia Uholanzi kisiwa kidogo cha Run, hapa hapa Banda, na wao wakabaki na Manhattan, New York ya leo. Anayetoka kwenye kisiwa kilichoonja biashara ya viungo na ya watumwa kwa pamoja hahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa hayo yote unayafanyaje kwa siku mbili? Nitakuambia, kwa sababu niliyafanya. Unapanda Belgica, unapiga picha ya mzinga. Unapita nyumba aliyoishi Mohammad Hatta, mpigania uhuru wa Indonesia aliyeletwa hapa uhamishoni na Waholanzi mwaka 1936 pamoja na mwenzake Sutan Sjahrir, wakakaa mpaka 1942 wakiwafundisha watoto wa mji. Unapiga picha ya mlango. Unaikimbilia mashua. Unaondoka na picha mia mbili, na hakuna mtu hata mmoja pale anayekujua kwa jina.

Siku ya tatu nilisimama kwenye uwanja wa bibi mmoja aliyekuwa ameanika kungumanga. Basibasi kaitandaza kwenye ungo, nyekundu yake inaanza kufifia. Pembeni kokwa zikiwa bado ndani ya magamba yake meusi. Akachukua moja, akaniwekea sikioni, akaitikisa. Kimya. "Belum," akasema. Bado. Mjukuu wake akanisaidia kuelewa: kokwa hukaa wiki kadhaa ikikauka, mpaka inasinyaa na kuachana na gamba. Ukiitikisa ikagonga, ndipo huvunjwa. Bibi akaniuliza naondoka lini. Nikasema "besok", kesho. Akaichukua ile kokwa akairudisha uwanikoni, akaendelea na kazi yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameshaona wengi wa kesho.

Nimeifikiria ile kokwa kwa muda wa mwaka mzima na ushee.

Kwa hiyo mpango wangu ni huu, na siubadilishi. Nitakwenda katikati ya Oktoba. Bahari ya Banda huchafuka katikati ya mwaka na tena karibu na Januari; kati ya pepo hizo mbili hutulia, kipindi ambacho wavuvi wetu wangekiita tangambili. Nitakaa nyumba moja siku zote, karibu na bandari, kwa mama anayepika mwenyewe. Mchuzi wao wa samaki unatiwa kungumanga, na bilinganya zao hupikwa kwa rojo la kenari, lozi za ile miti mirefu inayoikinga mikungumanga na jua. Wiki ya kwanza sipandi chochote, sivuki popote. Natembea sokoni asubuhi, narudi, nasalimia, kesho tena njia ile ile. Mji una Waislamu wengi. Ijumaa najua pa kwenda. Baada ya hapo ndipo nivuke kwenda kisiwa jirani cha Banda Besar, kwenye mashamba yenyewe, nikaone wanavyochuma kwa ule mti mrefu wenye kikapu nchani waitao gai-gai. Gunung Api, mlima wa moto ulio ng'ambo ya maji na uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1988, nitaupanda siku moja kabla ya jua kuchomoza, nikijaliwa.

Usiweke ndege ya kurudi Jakarta siku ile ile ambayo meli inatarajiwa Ambon. Acha siku tatu. Beba rupia taslimu za kukutosha. Ratiba ya meli hubadilika, ndege ndogo huahirishwa, na mwenye siku mbili huishia kulia gatini. Mwenye wiki tatu hurudi nyumbani kunywa chai.

Lugha isikutishe. Sabuni ni sabun, wakati ni waktu, dunia ni dunia, meza ni meja. Bendera ni bendera, neno ambalo wao na sisi tulilipata kwa Wareno. Wakikutaka usiharakishe watasema pelan-pelan, na hutahitaji kamusi.

Jambo jingine liliniliza kidogo. Maluku wako mbele yetu kwa saa sita. Maana yake, saa ya ukutani kule, ikionyesha saa moja ya mchana wao, Pemba nako ni saa moja asubuhi, kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Namba ni ile ile mchana na usiku. Nilikuwa nikitazama saa ya kule nikajua mama yangu yuko saa ngapi bila kujumlisha wala kutoa.

Nakubali, si kila mtu anaweza. Nauli ni kubwa, na mwenye watoto wadogo ana mambo yake. Mwenye siku tano aende Bali, sina ugomvi na Bali. Lakini sheria yetu ya kazi inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, na nimewaona wenzangu wakizimega vipande vipande, mbili za msiba, tatu za harusi, moja ya kufuatilia kiwanja, mpaka mwaka unakwisha hawajakaa popote. Mimi mwaka huu nimeomba zote kwa mkupuo. Bosi hakufurahi, lakini amesaini.

Jana nilikwenda ofisi nyingine ya safari. Dada aliyekuwa mezani aliisoma karatasi yangu yenye mistari myekundu, akainua macho.

"Wiki tatu zote Banda?"

"Zote."

Akaanza kuandika.