Huyo dada anaenda kufa jamani, sio fungate

Juzi napitia status za watu nakuta mtu kaweka ile picha The Lady of Shalott ya mchoraji Mwingereza Waterhouse, ya 1888, yule dada wa nywele ndefu na gauni jeupe kwenye mashua, juu yake kaandika "mahaba niue" na makopakopa kibao. Weee! Huyo anauliwa kweli.

Kwani mishumaa hamuioni? Iko mitatu pale mbele, miwili ishazimika. Mkononi kashika mnyororo anauachia mashua iende na maji, na kile kitambaa alichokuwa anafuma miaka yote kinaning'inia ubavuni kinalowa. Kwenye shairi la Tennyson, ndiko picha ilikotoka, dada kafungiwa mnarani, kazi yake kufuma tu, dunia anaiona kwa kioo, akithubutu kutazama nje laana inamshukia. Akapita Lancelot, shujaa wa Mfalme Arthur, na farasi wake anaimba, dada akaenda dirishani, kwisha habari. Kosa lake kuangalia! Na huyo Lancelot akiukuta mwili anasema ana sura nzuri, Mungu amrehemu. Haya, ahsante kwa kuja kaka.

Waterhouse fundi, sawa, yale matete na yale maji unasikia kabisa baridi. Ila wale mabwana wa enzi za Malkia Victoria walikuwa na uchu na wanawake wazuri wanaokufa, sijui kwa nini hatusemi. Mchoraji Millais kamlaza modeli wake Elizabeth Siddal kwenye bafu la maji amchore Ophelia, yule binti wa tamthilia ya Hamlet, anayezama, taa za kupasha maji zikazimika, bwana yuko bize na brashi hana habari, binti akatoka hapo anaumwa mpaka baba yake akadai hela ya daktari.

Sasa huyohuyo Siddal naye alimchora Lady of Shalott, 1853, Waterhouse bado mtoto mdogo. Kamchora kwa wino, ndani, amekaa kwenye mtambo wake wa kufumia, kageuza shingo kutazama dirishani huku kioo kinapasuka na nyuzi zinaruka, na uso umetulia tuli. Hajamrembua wala hajamlaza popote. Mwanamke yuko kazini kwake na kaamua kuangalia!

Na kipaji kilionekana, Ruskin, mhakiki aliyekuwa akisema kitu kuhusu sanaa Uingereza nzima inasikiliza, mwaka 1855 alikubali kumlipa pauni 150 kwa mwaka apate michoro yake. Halafu leo ukimtaja watu wanakwambia aah, si yule mke wa mchoraji Rossetti, yule wa kwenye bafu. Mnaniudhi.