Kokoa Chini ya Kitanda

Sekondari nilipata F ya Historia. Nasema mapema ili mjue mtu aliyemfundisha mjumbe wa nyumba kumi habari za Wamaya, watu wa kale wa kule Meksiko na Guatemala, saa tatu usiku ni mtu wa aina gani.

Chanzo ni chokoleti ya dukani, ya shilingi elfu tatu, niliyoila kichochoroni nimegeukia ukuta nisije nikaombwa. Nyuma ya karatasi pameandikwa kakao, yaani kokoa hiihii yetu. Nami nakaa Mbeya mjini, kutoka hapa unapanda basi mpaka Kyela, kokoa imejaa huko, na sikuwahi kujiuliza zile mbegu wanazoanika kwenye mikeka zinafikaje kuwa hiki kitu. Usiku ule nikanunua bando, nikaanza kusoma.

Jamani, kusoma bila mwalimu ni raha! Hakuna fimbo, hakuna "taja sababu tano". Unaanza na kiswali kimoja, saa nane za usiku unajikuta uko Guatemala. Nikasoma kwamba kule Ecuador watu walikuwa wakitumia kakao zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Kwamba mwaka 1502 msafara wa Columbus ulikutana na mtumbwi wa wafanyabiashara karibu na kisiwa cha Guanaja, pwani ya Honduras, na mbegu ikidondoka wenyewe wanainama kuiokota kama jicho limewatoka, huku wageni wanadhani ni lozi. Kwamba kwa Waazteki, watu wa kale wa Meksiko, mbegu hizo zilikuwa pesa: orodha ya bei ya Tlaxcala, hukohuko Meksiko, ya mwaka 1545 inasema bata mzinga jike mbegu 100, parachichi lililotoka kuchumwa mbegu 3, lililoiva mbegu 1. Parachichi! Rungwe nzima tungekuwa matajiri. Na walikuwapo wa kutengeneza pesa bandia, wanatoa nyama ya mbegu na kushindilia udongo ndani ya ganda. Hapo nikawapenda kabisa, maana ni watu wa kwetu.

Bando liliniishia mwaka 1828. Nilikuwa ndiyo kwanza nafika Amsterdam, Uholanzi, kwa akina Van Houten, na mashine yao ya kukamua mafuta ya kakao, skrini ikagoma. Siku mbili nzima nilitembea na Mholanzi kichwani, kashika mpini, hajui akamue au aache.

Sasa kujisomea kuna ubaya wake: hakuna wa kukwambia "kaa chini". Nikampigia konda wa basi la Kyela, akaniletea matunda 12 mabichi na kopo la mbegu zilizokwisha kauka. Nikapasua yale mabichi. Mbegu zimevaa utelezi mweupe, mtamu kama stafeli. Nikazihesabu, 431. Bata mzinga wanne na chenji inabaki, kwenye chumba ambacho kodi yake nilikuwa nadaiwa.

Nilishasoma kwamba mbegu hazianikwi hivihivi. Zinavundikwa kwanza siku tano mpaka saba chini ya majani ya migomba, zipate joto, la sivyo ladha ya chokoleti haiji. Kyela joto wanalo. Mbeya mwezi wa sita hata maziwa yanagoma kuganda. Basi nikazifunga kwenye majani, nikazivika sweta langu, nikazungushia blanketi, nikazisukuma chini ya kitanda. Kila usiku chupa ya maji moto ubavuni. Asubuhi nazitoa, nazigeuza, nazinusa, nazifunika tena.

Jambo moja sikulipigia hesabu. Ule utelezi una sukari, na hamira zikiufikia sukari inageuka kileo, halafu kileo kinageuka siki. Siku ya pili chumba kilinuka kama kilabu siku ya mnada. Na mama mwenye nyumba ni mlokole, wa kuamka saa kumi alfajiri kuomba.

"Mwanangu," akaniita uani, pua juu, "unapika nini humo ndani?"

"Sipiki kitu mama, nasoma."

"Unasoma nini chenye harufu hiyo?"

"Historia."

Akaingia ndani kwake bila neno.

Wakati huohuo mtoto wa mpangaji mwenzangu, miaka sita hivi, alichungulia dirishani usiku akaniona nimepiga magoti, nakigeuza polepole kitu kilichovishwa sweta, nakilaza, nakiwekea chupa. Akakimbia kwa mama yake: "Anko amezaa!" Kufika siku ya tatu jioni uani kulikuwa na kambi mbili, wanaosema nimeficha gongo na wanaosema nimeficha mtoto.

Saa tatu usiku mlango ukagongwa. Mjumbe, mama mwenye nyumba, na vijana wawili wa ulinzi wenye virungu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kitoe."

Sikuuliza kitu gani. Nikakivuta. Mjumbe akafungua kwa ncha ya kirungu, jani baada ya jani, harufu ikampiga usoni akarudi nyuma hatua mbili. Mbegu zilikuwa zimegeuka rangi ya udongo, zinang'aa na kuteleza. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, hizi ni figo."

Nikaanza kujitetea, kwa bahati mbaya nikaanzia kwa Wamaya.

"Hao ndio waliokuletea?"

"Hapana mzee, ni watu wa zamani sana, wa Meksiko na Guatemala…"

"Mtaani kwangu wamepanga nyumba ipi?"

Mama akadakia: "Muulize kama kuna pombe!"

Na mimi elimu imeshaniharibu, siwezi tena kudanganya. "Ipo kidogo, mama. Ila ikifika keshokutwa itakuwa siki."

Niliomba nafasi ya kuonyesha ushahidi. Zile mbegu kavu za kopo zikaingia kikaangoni, juu ya jiko la mkaa. Zilipoanza kupasuka, harufu kama ya keki ikatanda, na kambi zote mbili zikasogea. Nikamenya, nikatwanga mpaka zikatoa mafuta, nikamimina maji ya moto, nikatia pilipili. Sukari sikutia, Wamaya hawakuwa na miwa. Ikabaki povu. Wenyewe walilipata kwa kumimina kutoka chombo cha juu kwenda cha chini. Kuna chombo chao cha kale chenye picha ya mwanamke amesimama anamimina hivyo. Yule alikuwa na mazoezi. Mimi nilipanda kwenye stuli, na nusu ikaishia kwenye shati jeupe la mjumbe.

Iliyobaki akainywa. Mafuta yanaelea juu kama supu ya mkia, na hapo ndipo nilipomwelewa Mholanzi na mashine yake. Mjumbe akameza, akanyamaza, machozi yakamlengalenga.

"Hiki walikunywa wafalme?"

"Ndiyo mzee."

"Walikuwa wamekosa nini?"

Mama mwenye nyumba akaninyang'anya sufuria. Akatia sukari vijiko sita, akaingia ndani, akatoka na maziwa, akakoroga, akaonja, akaonja tena. Wahispania, waliokuja kutia sukari kwenye kinywaji hiki, waliingia Meksiko mwaka 1519, na chokoleti ya maziwa ya Daniel Peter kule Uswisi ikaja kupatikana 1875. Mama alimaliza kazi hiyo kwa dakika nne, na malapa miguuni.

Mjumbe alikunywa vikombe viwili vya mama, ndipo akatoa daftari lake. Nikachungulia begani kwake. Ameandika: "Kokoa. Si mtoto. Pombe kidogo." Akajitazama kifuani, akaongeza mstari: "Shati moja, atafua mwenyewe."