Kabla hujafunga turbo: nguvu ya injini na hesabu ya mafuta

Nilikuwa kwenye gereji moja pale Gerezani, Dar es Salaam, siku walipofungua hedi ya Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Miezi minane nyuma mwenye gari alikuwa amefungiwa turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, kwa ahadi mbili: gari litapanda mlima bila kuhema, na litakula mafuta kidogo. Ahadi ya kwanza ilitimia, kwani kwenye mlima wa Kitonga alikuwa anayapita malori kama yameegeshwa. Sasa pistoni moja ilikuwa imeyeyuka ukingoni, na kwenye hedi kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kati ya valvu na valvu. Fundi aliupitishia ukucha, akatikisa kichwa.

Jijini kuna mabishano ya siku nyingi kuhusu jambo hili. Wapo wanaosema kiwanda huficha nguvu ndani ya injini, na fundi anayejua kazi anaweza kuitoa. Wapo wanaosema gari liachwe lilivyotoka Japani, ukiligusa umeliua. Kila upande una hoja nzito, lakini nikiwasikiliza naona wote wanaongelea nguvu na ubanaji wa mafuta kana kwamba ni kitu kimoja.

Nguvu inatokana na kiasi cha hewa na mafuta unachounguza kwa dakika. Petroli inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja, kwa hiyo ukitaka nguvu zaidi lazima uingize hewa zaidi. Ufanisi ni jambo jingine: katika joto la kila lita, ni kiasi gani kinafika kwenye matairi? Injini ya kawaida ya petroli ikifanya kazi vizuri hugeuza kama robo hadi theluthi ya joto hilo kuwa mwendo. Linalobaki huondoka na moshi kwenye sailensa au huishia kwenye rejeta.

Ushahidi mzuri uko barabarani kila siku. Toyota IST ya cc 1500 ina injini ya 1NZ-FE, yenye nguvu ya farasi takriban 109. Prius ya mwaka 2003 ina ndugu yake wa damu, 1NZ-FXE, ukubwa ule ule, lakini inatoa farasi 77 tu. Wahandisi waliichelewesha valvu ya kuingiza hewa isifunge mapema, ili sehemu ya hewa irudi nje na mlipuko upate nafasi ndefu ya kutanuka kuliko ile ya kubanwa. Ni wazo la Mwingereza James Atkinson, la tangu karne ya 19. Kwa kufanya hivyo walitoa kafara karibu theluthi ya nguvu ili gari linuse mafuta. Mota ya umeme ndiyo inayofidia pengo. Kama nguvu na ubanaji wa mafuta vingekuwa kitu kimoja, Toyota wasingelipa gharama hiyo.

Kinachoweza kuvisogeza vyote viwili kwa pamoja ni kompresheni, yaani kiasi ambacho injini inaibana hewa kabla ya kuwaka. Injini ya Nikolaus Otto ya mwaka 1876 ilibana hewa kidogo sana na ikapoteza sehemu kubwa ya joto lake. Rudolf Diesel alibana zaidi, na kwenye majaribio ya mwaka 1897 kule Augsburg injini yake ilifikia ufanisi wa takriban asilimia 26, jambo lisilowahi kuonekana wakati huo. Leo injini ya Toyota ya lita 2.5 yenye kompresheni ya 13 kwa 1 inafika asilimia 40. Lakini kwenye petroli kompresheni ina kikomo. Ukizidisha, mchanganyiko unajiwasha kabla moto wa plagi haujaufikia, na unasikia injini ikigonga, sauti kama sarafu zinazotikiswa ndani ya kopo. Dereva akiipuuza sauti hiyo, injini itanoki, yaani itakufa.

Nirudi kwenye turbo, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea. Aliyebuni, Alfred Büchi wa Uswisi, aliiombea hataza mwaka 1905 akiwa na wazo zuri kabisa: moshi unaotoka ukiwa na joto na kasi ufanye kazi ya kusukuma hewa ndani. Malori yanayotoka bandarini kwenda Tunduma yasingeweza kazi bila turbo. Kadiri barabara inavyopanda kuelekea Nyanda za Juu hewa inakuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa gari linalobeba mzigo mzito saa nyingi, mimi nipo upande wa turbo bila kusita.

Ila 1HZ ilizaliwa bila turbo. Kompresheni yake ni zaidi ya 22 kwa 1, na dizeli huanza kuwaka ndani ya kijichumba kwenye hedi, ambako joto hujikusanya. Toyota wenyewe walipotaka turbo kwenye ukoo huo huo walitoa 1HD-T: wakashusha kompresheni hadi 18.6 na kubadili namna ya kupuliza mafuta. Fundi anayefunga turbo kwenye 1HZ na kisha "kuongeza pampu" anamwaga dizeli zaidi, na dizeli ikizidi joto la moshi linapanda. Inawezekana kuifunga na ikadumu, ukiweka msukumo mdogo na kipimo cha joto la moshi kwenye dashibodi. Gari la Gerezani halikuwa na kipimo hicho.

Kuandika upya programu ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kuna hoja bora zaidi. Ni kweli kiwanda huacha akiba, na dizeli yenye turbo ya kiwandani inaweza kuongezeka asilimia 15 hadi 25. Lakini akiba ile iliwekwa kwa ajili ya mafuta mabaya, joto na oili iliyochelewa kubadilishwa, na vyote vitatu tunavyo hapa.

Vidude vya kufunga kwenye mpira wa mafuta, vinavyodaiwa kupunguza ulaji, sitavipotezea muda. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imepitia zaidi ya 100 vya namna hiyo bila kupata kimoja chenye nafuu ya maana. Filta ya hewa ya koni iliyo wazi ndani ya boneti inanisikitisha zaidi. Kwenye foleni ya Buguruni, hewa ya nje ikiwa nyuzi 32 na ya kwenye boneti 60, umeshapoteza kama asilimia 8 ya hewa kabla injini haijaivuta.

Na masega, yale ya kusafisha moshi kwenye bomba la ekzosi? "Bosi, toa haya, gari litapumua." Kama yameziba, ndiyo, litapumua, lakini kuna kilichoyaziba: oili inayoungua au plagi isiyochoma. Masega mazima kwenye IST hayali nguvu ambayo mguu wako utaihisi. Ukiyatoa, monoksidi ya kaboni inakwenda moja kwa moja kwa abiria wa bodaboda aliyesimama nyuma yako. Hapo sioni pande mbili.

Tena sehemu kubwa ya mafuta ya Dar huungua gari likiwa limesimama. Injini ikiunguruma bila kusogea ufanisi wake ni sifuri, hata uifunge nini. Gari la mjini likipata plagi mpya, upepo sahihi wa matairi na breki zisizokamata, linarudishiwa lilichopoteza, na hilo ni la kufanya kwanza.

Nafasi kubwa ninayoiona mimi iko kwenye gesi. Gesi asilia ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar tangu 2004, na chuo cha teknolojia cha DIT wanabadilisha magari yatumie gesi hiyo. Wenye magari ya gesi wanasema kweli wakisema wanaokoa hela, na wanasema kweli wakilalamika gari limelegea, maana gesi inachukua nafasi ya hewa ndani ya silinda na sehemu ya kumi ya nguvu inapotea. Lakini oktani ya gesi hiyo ni kama 120. Inavumilia kompresheni ya 13 kwa 1 bila kugonga, ilhali tunaichoma kwenye injini za 10 zilizotengenezwa kwa petroli. Pistoni za kompresheni ya juu zingerudisha sehemu ya nguvu hiyo na kupunguza ulaji kwa pamoja. Gharama yake ni kwamba gari kama hilo halitarudi kwenye petroli siku foleni ya kujaza gesi ikiwa ndefu, na kwa mwenye IST moja hilo ni tatizo kweli. Kwa daladala zenye ruti moja na kituo cha kujazia karibu, ningependa Hiace moja ifungwe hivyo, ipige ruti ya Mbagala na Kariakoo mwaka mzima, gesi inayotumia iandikwe kilo kwa kilo kwenye daftari, kisha hedi ifunguliwe mbele ya watu.