Sekunde nne zangu, mnada wako

Jana usiku nilikuwa sebuleni nakodolea macho logi (kumbukumbu) za nodi yetu, kompyuta inayopiga kura kuthibitisha miamala ya mtandao wa sarafu wa Ethereum, ile tuliyochangishana watu watatu mpaka zikatimia ETH 32 za dhamana, ETH ikiwa ndiyo sarafu yenyewe. Bloku, yaani fungu la miamala, ikaingia sekunde 4.3 baada ya slotu kuanza, ile zamu ya sekunde 12 ambayo mmoja wetu hutoa bloku na wengine huipigia kura. Kura yetu ilishatoka kwenye sekunde ya 4 kamili, ikaenda kwa bloku ya nyuma. Nikalalamika kwenye grupu, jamaa mmoja akanijibu: "Boresha intaneti, kaka." Intaneti! Kura ilitoka kwa wakati. Aliyechelewa ni mwenye zamu ya kutoa bloku, tena makusudi.

Nenda soko la samaki la Feri alfajiri umwangalie dalali. Jodari kapata bei nzuri lakini haachii, maana kamwona mwenye hoteli anasogea na ataongeza elfu tano. Sawa, akichelewa anayeoza ni samaki wake. Kwenye Ethereum, tangu tuhamie kwenye steki (kulinda mtandao kwa kuweka ETH dhamana) Septemba 2022, dalali ni huyo mwenye zamu, na anasubiri na samaki wa wengine. Kila nukta anayovuta, wajenzi, wale wanaopanga miamala ndani ya bloku, wanapandisha dau ili ichukuliwe bloku yao, kupitia MEV-Boost, programu ya mnada huo, na dau linaloshinda linaingia mfukoni mwake. Sisi wapiga kura mwisho wetu ni sekunde ya 4. Bloku ikinifikia baada ya hapo, nakosa ujira wa kura ya kichwa (kutaja bloku mpya kabisa), mafungu 14 kati ya 64 ya ujira. Kila zamu ya namna hiyo.

Na wakubwa, wenye nodi nyingi, hawabahatishi. Wanapima, wanaachia bloku ili iwafikie wenzao wa Ulaya, kwenye kura nyingi, kabla tu ya sekunde ya 4. Mimi wa Mbagala itanikuta itakaponikuta. Haya, najua: bloku iliyochelewa ikiambulia kura chini ya asilimia 20, mwenye zamu inayofuata anaweza kuiruka. Fimbo nzuri hiyo, kwa mzembe. Aliyepiga hesabu vizuri wala haimgusi.

"Lakini hajavunja sheria." Hajavunja, ndiyo. Ndicho kinachoniudhi.

Wengine wanasema dawa ni kupunguza slotu kutoka sekunde 12 hadi 6. Na kebo ya baharini inayotuunganisha na Ulaya nayo mtaipunguza urefu?

Hela yenyewe ni senti, sitawadanganya. Ila mmoja wa wale wenzangu ameshaniuliza mara mbili kwa nini tusiihamishie nodi kwenye seva ya kukodi huko huko Ulaya. Sijamjibu bado.