Nozeli ya Dizeli Ishikwe na Nani?

Mwenye pikapu ya dizeli anayeingia jimbo la New Jersey, Marekani, kwa mara ya kwanza anaegesha kwenye kituo cha mafuta, anashuka, ananyoosha mkono kuchukua nozeli kama alivyozoea, na kabla hajaivuta mhudumu anamjia mbio akimpungia: rudi garini, hapa mtu hajazi mwenyewe. Mgeni hutii. Mwenyeji anayeijua sheria yake hubaki palepale na kumjibu, "Hii ni dizeli, bwana." Hapo ndipo ubishi unapoanza, na kila mmoja wao ana cha kushikilia.

Sheria ya New Jersey ni ya mwaka 1949. Inamkataza mhudumu kumwachia mteja ajaze mafuta, kisha inaeleza mafuta yanayozungumziwa ni yapi: kimiminika kinachojulikana au kuuzwa kama petroli. Dizeli haimo. Jimbo la Oregon, lililoweka marufuku yake mwaka 1951, lilipita njia nyingine likafika palepale. Lilitaja vimiminika vya kuwaka vya daraja la kwanza, na dizeli imewekwa daraja la pili. Tofauti hii si ya makaratasi. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Dizeli ya kawaida inayouzwa kwa magari Marekani hungoja joto lifike kama nyuzi 52 za Selsiasi ndipo mvuke wake utoshe kuwaka. Njiti ya kiberiti ikidondoka kwenye beseni la dizeli siku ya ubaridi ina nafasi kubwa ya kuzimika, ingawa simshauri mtu kujaribu.

Kisheria, basi, mwenye dizeli yuko huru. Vituoni mambo ni mengine. Vituo vingi vina pampu moja yenye nozeli ya petroli na ya dizeli zikining'inia bega kwa bega, na adhabu ya kumwacha mteja ajaze petroli humwangukia mwenye kituo, si mteja. Ukiwa wewe ndiye mwenye kituo, utamwambia mhudumu wako apambanue kila gari kwa mbali, au utamwambia tu asimruhusu mtu yeyote? Wengi huchagua la pili. Uhuru wa kwenye sheria ukabaki zaidi kwenye vituo vikubwa vya malori, ambako dereva wa trela hujaza mwenyewe bila kuulizwa.

Tusijidanganye kwamba hofu ya moto ndiyo pekee iliyozaa marufuku hizi. Kisa kinachosimuliwa sana New Jersey ni cha Irving Reingold, mfanyabiashara aliyefungua kituo cha pampu 24 huko Hackensack mwishoni mwa miaka ya 1940. Wateja wake walijaza wenyewe kwa bei iliyo chini ya majirani, na magari yakapanga foleni. Wenye vituo vingine wakakimbilia bungeni, na sheria ikapita. Reingold alikwenda mahakamani, na mwaka 1951 Mahakama Kuu ya jimbo ikaiunga mkono sheria. Oregon nayo iliorodhesha sababu 17 ndani ya sheria yake, kuanzia moto hadi sakafu inayoteleza wakati wa mvua, mvuke wenye sumu, wazee na walemavu, watoto wanaoachwa peke yao garini, hata ajira. Ukiona sheria moja inahitaji sababu 17, ujue hakuna hata moja iliyotosha peke yake.

Lakini kuikejeli orodha hiyo si kuijibu. Tuanze na mwenye pikapu.

Kwa mtu wa petroli, suala la nani ashike nozeli ni la dakika tano na pengine la kukwepa baridi. Kwa mtu wa dizeli, ni suala la injini. Nozeli ya petroli ina kipenyo cha kama milimita 21, ya dizeli kama 24. Matokeo yake, nozeli ya dizeli hukwama kwenye tundu la gari la petroli, lakini ya petroli huzama kwenye tangi la dizeli kama mkono mfukoni. Kosa lililo ghali ndilo lisilo na kizuizi, isipokuwa kwa magari yaliyowekewa kizuizi mdomoni pa tangi. Rangi nazo hazisaidii sana. Vituo vingi Marekani huweka dizeli kwenye nozeli ya kijani, lakini kampuni ya mafuta ya BP hutumia kijani kwa petroli. Mtu aliyejizoeza kusema "kijani ndiyo dizeli" anaweza kujikaanga mwenyewe.

Sasa piga picha saa moja asubuhi. Mhudumu mmoja, magari sita, tangu alfajiri amejaza petroli tu na mkono umeshazoea. Pikapu inaingia. Dereva anashusha kioo na kusema "Jaza," neno moja, macho yako kwenye simu. Mhudumu anachomoa nozeli, anaichomeka, anaikaza ijaze yenyewe, anakwenda gari la pili. Kosa limekwisha kutendeka na hakuna aliyekusudia ubaya. Dereva akigundua kabla ya kuwasha, tangi litanyonywa na kusafishwa, siku itaharibika, basi. Akiwasha, habari inageuka. Pampu ya shinikizo kubwa ya injini za kisasa hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, na petroli haina utelezi huo. Vyuma vinasagana, unga wa chuma unasafiri hadi kwenye injekta zinazopulizia mafuta ndani ya injini, na bili ya fundi hupita dola 10,000 kwa urahisi. Kiwanda nacho kitasema dhamana haihusu mafuta yasiyo sahihi.

Ongeza tundu la pili. Pikapu nyingi za dizeli za tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 zina tangi dogo la maji ya urea ya kusafishia moshi, na kifuniko chake cha bluu mara nyingi kimekaa jirani kabisa na kile cha dizeli. Urea kwenye tangi la dizeli ni janga. Dizeli kwenye tangi la urea ni hasara nyingine. Mwenye gari analijua jambo hili kama anavyojua mlango wa nyumba yake. Mhudumu wa New Jersey, kwa mujibu wa sheria, lazima afanye kazi chini ya usimamizi wa mzoefu kwa angalau siku moja nzima na kufanya mtihani kabla hajaachwa peke yake. Siku moja, na sheria yenyewe ni ya petroli.

Kuna na povu. Dizeli ikimwagwa kwa kasi hutoa povu, povu likafyatua nozeli kabla tangi halijajaa. Mwenyewe angepunguza kasi, angengoja litulie, angeongeza kidogo kidogo. Mhudumu mwenye magari matano yanayomngoja husikia "ta!" na kuchomoa. Mtu anayevuta trela na kupigia hesabu kila galoni anaondoka akidhani amejaza, kumbe bado.

Mpaka hapo unaweza kudhani kesi imekwisha. Haijaisha, na linalonisumbua ni hili: akikosea mhudumu, analipa nani?

Ukichomeka nozeli ya petroli mwenyewe, hasara ni yako kutoka mwanzo hadi mwisho. Akichomeka mhudumu, una wa kumdai, na mwenye kituo kwa kawaida ana bima. Ukilitazama hivyo, marufuku ambayo mwenye pikapu huilalamikia inampa kinga ambayo dereva wa jimbo jingine hana. Tatizo ni kwamba kinga hiyo inasimama juu ya ushahidi. Kama ulisema "Jaza" bila kutaja dizeli, mwenye kituo atauliza mtu angejuaje. Kama umeshaendesha maili 10, atasema petroli hukuiweka kwake. Kwa hiyo hoja ya kwamba mhudumu hubeba lawama ni ya kweli, ila humfaa yule aliyekuwa macho, na mtu aliye macho kiasi hicho angeweza kujaza mwenyewe bila kukosea.

Hoja nyingine nitazipitia haraka kidogo. Walemavu: sheria ya shirikisho tayari inavitaka vituo vya kujihudumia vimsaidie dereva mlemavu anayeomba msaada, isipokuwa pale penye mfanyakazi mmoja tu, na pengo hilo si dogo usiku. Bei: watu wa New Jersey walizoea kujisifu kwamba wanahudumiwa na bado wanalipa kidogo, ila siri ilikuwa kodi ndogo, na mwaka 2016 kodi ya petroli ilipanda kwa senti 23 kwa galoni. Moto: majimbo mengine yamejihudumia kwa miongo mingi na vituo bado vimesimama. Ajira ndiyo hoja ninayoiheshimu zaidi, kwa kuwa kazi ya pampu hupokea wasio na cheti wala lugha ya kutosha. Ila mwenye dizeli ni mteja mmoja kati ya wengi, na kumwachia yeye ashike nozeli hakumfukuzishi mtu kazi.

Na tusisahau wenye majimbo wenyewe wanataka nini. Kura ya maoni ya Rutgers-Eagleton, ya Chuo Kikuu cha Rutgers cha New Jersey, ya mwaka 2022 ilikuta karibu robo tatu ya wakazi wa New Jersey wanapenda kujaziwa. Wana hata stika ya gari inayojisifu kwamba wasichana wa Jersey hawajazi mafuta. Huwezi kuita uonevu jambo ambalo waonewa wanalibandika kwenye bampa.

Oregon walilegeza kidogo kidogo. Kwanza kaunti za vijijini, usiku tu, halafu kuanzia 2018 saa zote kwenye kaunti zenye watu wachache. Agosti 4, 2023 Gavana Tina Kotek alisaini sheria iliyomaliza marufuku ya miaka 72. Katika kaunti 16 zenye watu wengi, kituo kinaweza kuacha hadi nusu ya pampu zijihudumie, nusu nyingine ibaki na wahudumu, na bei iwe ileile pande zote. Hilo la bei moja nalipenda, kwa sababu anayehitaji msaada halipishwi zaidi kwa kuwa mzee.

Lakini kwa dizeli, jibu zuri zaidi Oregon walikuwa nalo hata kabla ya hapo, kwa watu wa pikipiki. Mhudumu aliianzisha pampu, akamkabidhi mwendeshaji nozeli, naye akajaza mwenyewe kisha akairudisha. Watunga sheria walikubali kwamba tangi lililo katikati ya miguu ya mtu linajulikana zaidi na mwenye miguu. Sioni kwa nini tangi lenye kifuniko cha bluu jirani yake listahili chini ya hapo. Mhudumu abaki na kazi yake, achague pampu, apokee malipo, awe karibu kukitokea mmwagiko. Nozeli aishike mwenye gari.

New Jersey utaratibu huo haujaandikwa popote, kwa hiyo ni maelewano ya watu wawili penye pampu. Mwenye pikapu anayekataliwa nozeli bado anaweza kushuka, kulitaja neno dizeli kwa sauti, kusimama ubavuni mwa tangi mpaka nozeli iingie, kisha kusoma risiti kabla ya kugusa ufunguo. Mhudumu ataudhika kidogo. Risiti ikisema dizeli, washa gari.